Mzee Amekubali Mwenyewe: Dhambi Iko Wapi?



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa msikitini na vijana wetu wa vijiweni: tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) kwa kutufikisha siku nyingine ya Ramadhani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Darsa la leo ni refu kidogo. Kama uko jikoni, liache, ulisome baada ya futari. Ila lisome mpaka mwisho, maana linagusa riziki za watu, na wengine ni watu wa safu yetu ya mbele.

*Aya inayofuata baada ya aya za funga*

Fungua msahafu, Surat al-Baqara. Aya za funga zinaanza ya 183 mpaka ya 187. Hapo tunaamrishwa kufunga, tunapewa ruhusa ya mgonjwa na msafiri, tunaambiwa mpaka wa kula na kunywa alfajiri. Tunazisoma kila mwaka. Sasa ukifika hapo usifunge msahafu. Soma aya moja mbele, ya 188. Haitaji tena daku wala futari. Inatukataza kulana mali zetu kwa batili.

Tafakari mpangilio huo. Mwenyezi Mungu ametuzuia mchana chakula chetu wenyewe, cha halali, tulichokinunua kwa jasho letu. Kisha hapo hapo akatukataza mali ya mwenzetu, ambayo ni haramu mchana na usiku, Ramadhani na Shawwal. Mtu aliyeweza kuliacha glasi la maji yake mwenyewe kuanzia alfajiri mpaka magharibi, tena na joto hili la Dar es Salaam, anashindwaje kuiacha pesa ya mzee wa watu?

Nasema mzee kwa makusudi, maana swali ninaloulizwa linamhusu yeye. Linakuja kwa sura nyingi lakini kiini ni kimoja: "Shekhe, mimi nimeuza gari. Mzee kaja, kaliangalia, kalizunguka, kakaa kwenye usukani, kasaini, kalipa. Sikumshikia panga. Baada ya wiki mbili limemfia barabarani. Amekubali mwenyewe. Sasa dhambi yangu iko wapi?"

Ni swali zuri, na linastahili jibu la ukweli. Tusilikimbie kwa kumtukana muulizaji.

*Mambo yanavyokwenda huku kwetu*

Ukonga yetu ina wastaafu wengi. Wamo waliokuwa magereza, jeshini, reli, uwanja wa ndege, bandarini, na walimu tele. Mtumishi wa umma anafika miaka 60, anaandikiwa barua, anasubiri mafao yake PSSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani. Mnakumbuka mjadala wa kikokotoo: mkupuo uliwekwa asilimia 33 mwaka 2022, kisha katika bajeti ya 2024/25 ukapandishwa kwa baadhi ya watumishi mpaka asilimia 40. Watu waligombania asilimia hizo bungeni na magazetini, kwa sababu kila mtu anajua kuwa fedha hiyo haiji mara mbili. Kijana akipoteza milioni tano, analia, anaanza tena. Mzee akiipoteza ya mkupuo, ataanzia wapi? Mshahara umekwisha, magoti yanauma, benki inamwangalia umri.

Na mzee hataki kukaa bure. Anataka kitu cha kumwingizia. Anasikia Noah ya kubeba wanafunzi inalipa, Hiace inalipa, kirikuu cha kubebea mizigo kinalipa. Au ana ndoto yake ya miaka thelathini, naye siku moja aende kijijini kwao na gari lake. Hakuna ubaya hapo.

Lakini habari ya mkupuo haijifichi. Kabla fedha haijapoa kwenye akaunti, simu inaita. "Mzee wangu shikamoo! Kuna chuma hapa, mwenye nacho ana shida, anauza bei ya kutupa. Full kipupwe, injini haijafunguliwa tangu Japani." Mzee anakwenda. Gari linang'aa, limepigwa rangi juzi, chini ya rangi kuna puti. Injini imewekewa mafuta mazito ili isigonge. Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki, si kwa sababu injini ni nzima, bali kwa sababu imechomolewa. Mita inasomeka kilomita 78,000, wakati gari limekwenda mara tatu ya hizo. Mzee anataka kwenda kumwita fundi wake. Simu ya dalali inaita: "Eeh, njoo na hela kabisa, lakini kuna mzee hapa anakaribia kulipa." Anayepiga simu hiyo amekaa kwenye banda la chipsi ng'ambo ya barabara.

Mzee analipa. Tuchukue mfano wa hesabu: mwenye gari alitaka milioni 8. Mzee ametoa milioni 11. Tatu za katikati ni cha juu. Mwenye gari hajui, mzee hajui. Anayejua ni mmoja tu, na jioni hiyo atakuwa amesimama nasi kwenye tarawehe.

Kwa nini anatafutwa mzee? Kwa sababu fedha yake iko pamoja na inajulikana. Kwa sababu macho yake hayasomi maandishi madogo. Kwa sababu ukimwita "baba" anakuona mwana kweli. Amekulia zama ambazo neno lilikuwa neno. Na sababu kubwa zaidi ni aibu. Mzee akipigwa hasemi. Atawaambiaje watoto kwamba kilichokuwa chakula cha uzee wake kimesimama uani juu ya matofali? Atanyamaza, atasema "gari lina tatizo dogo, linasubiri kifaa". Anayemchagua mzee anakitegemea kimya hicho. Ndiyo mtaji wake.

*Ridhaa ya mtu asiyeona*

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli kwamba msingi wa biashara ni kuridhiana. Surat an-Nisaa aya ya 29 imeweka hivyo. Lakini tazama aya yenyewe ilivyojengwa: imeanza kwa kukataza kula mali kwa batili, ndipo ikaja ruhusa ya biashara ya kuridhiana. Ridhaa haikuletwa ili iwe pazia la batili.

Kuridhia ni kuridhia kitu. Mzee ameridhia nini? Ameridhia gari la kilomita 78,000, na gari hilo halipo duniani. Umempa gari jingine. Saini yake iko kwenye karatasi, lakini moyo wake uliridhia kitu ulichokitunga wewe kwa bisibisi na kompyuta.

Wala usidhani ni mambo mapya ambayo dini haikuyajua. Kwa Waarabu kulikuwa na mtu akitaka kuuza mbuzi au ngamia, anamfunga chuchu siku kadhaa bila kumkama. Kiwele kinajaa. Mnunuzi akija anaona mnyama wa maziwa mengi, anapanda bei. Akifika nyumbani, siku ya pili maziwa hakuna. Hadithi ya jambo hilo iko katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alilikataza, na akampa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama akitaka, pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyokama. Hakumwambia mnunuzi "ulimwona kwa macho yako, shauri yako". Macho yalidanganywa, kwa hiyo ushahidi wa macho haukuhesabiwa.

Ndugu yangu, kurudisha nyuma mita ya kilomita na kufunga chuchu za mbuzi ni tendo moja. Kilichobadilika ni kiwele.

Mnaijua pia habari ya mfanyabiashara wa nafaka katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono ndani ya lundo, akakuta chini kuna unyevu. Mwenye mali akasema mvua imeinyeshea. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha likatoka neno zito la kumtenga mdanganyifu na umma huu. Gari kuwa bovu si dhambi. Kila chuma kinachakaa. Uza gari bovu, lakini uunyevu uweke juu ya lundo: sema gia boksi inateleza, sema lilipata ajali, sema mita si ya kuaminika. Akilitaka kwa bei ya ubovu wake, ni halali na ina baraka.

"Lakini nilimwambia nauza kama lilivyo." Wanachuoni wetu wa Kishafi'i wamelizungumza hili pia. Sharti hilo halimkingi muuzaji kwa aibu anayoijua na akaificha. "Kama lilivyo" maana yake ni kama lilivyo kweli. Haina maana ya kama nilivyolipamba.

*Na wewe fundi, na wewe uliyenyamaza*

Wapo watakaosema: mimi si muuzaji, mimi fundi tu. Au mimi nilikuwa nimekaa hapo kijiweni, gari si langu, hela si yangu.

Sikilizeni habari aliyoipokea Imam Ahmad. Mtu mmoja alinunua ngamia nyumbani kwa Sahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.). Alipokuwa anaondoka naye, Wathila akamfuata mbio, nguo inamburuza. Akamuuliza kama ameelezwa hali ya ngamia. Akamuuliza anamtaka kwa nyama au kwa safari. Mtu akasema kwa safari ya Hijja. Wathila akamweleza kwamba kwato yake imetoboka. Muuzaji akakasirika: unataka nini, mbona unaniharibia biashara? Wathila akajibu kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha mambo mawili: si halali kwa muuzaji kuuza kitu bila kueleza kilichomo, na si halali kwa yeyote anayekijua kunyamaza.

Hilo la pili ndilo letu sote. Fundi uliyeletewa gari ulikague, ukapewa elfu hamsini na dalali ili useme "mzee, hapa umelamba dume", umeuza ushahidi wako. Wewe jirani unayelijua gari hilo lilikolala miezi sita, ukamwona mzee wa watu anahesabu noti, ukasema "yasinihusu", hadithi inasema yanakuhusu. Hutakiwi kupigana. Swali moja tu la Wathila linatosha: "Mzee, umeelezwa hali yake?"

*Cha juu na simu ya uongo*

Udalali wenyewe si haramu. Ni kazi, ina jasho, ina ujira wake. Mkubaliane na mwenye mali ujira unaojulikana, au na mnunuzi, ule kwa raha. Tatizo ni pale unapomwambia mzee "nakusaidia, mimi mwanao", wakati unamtumikia mwingine kwa siri na kuchukua katikati. Umeaminiwa na pande mbili, umezihini zote mbili.

Msidhani ugonjwa huu ni wa kwetu peke yetu. Uingereza, nchi ya sheria na ofisi kubwa, wauza magari waliokuwa wakiwaunganisha wateja na mikopo waliweza kupandisha riba ya mteja ili kamisheni yao wenyewe ipande, na mteja hajui. Mamlaka ya nchi ile inayosimamia huduma za fedha ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 2021. Jina lake huko ni kamisheni. Hapa kwetu ni cha juu.

Na ile simu ya kuongopa mteja mwingine? Hiyo ina jina lake katika fiqhi: najshi. Ni kupandisha bei au hamu ya mtu kwa kujifanya unataka kununua na wewe hutaki. Imekatazwa katika hadithi sahihi. Wewe uliyekaa banda la chipsi ukipokea elfu ishirini kwa kupiga simu ile, ujue umepewa jina tangu zama za Mtume.

Hasara yake haiishii kwa mzee mmoja. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi: muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Wakizidi wanaoficha, mnunuzi anaanza kuogopa magari yote, anataka kulipa bei ya gari bovu kwa kila gari. Basi mwenye gari zuri anaona hapati haki yake, anajitoa sokoni. Mwisho wanabaki wenye mabovu wakiuziana. Sisi tulishaambiwa na Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Hakim bin Hizam: wawili wakisema kweli na kubainisha, biashara yao inabarikiwa, wakificha na kuongopa, baraka inafutwa. Kijana unayelalamika kwamba siku hizi wateja hawakuamini hata ukisema kweli, unalipa deni la uongo wa wenzako, na pengine na wako.

*Je, basi wazee wasiguse fedha zao?*

Hapa kuna upande wa pili, na ni mzito. Watoto wa wazee wanasikiliza darsa hili na kusema: "Ndiyo maana tulimwambia baba atupe kadi ya benki. Mzee keshachoka. Hela tutatunza sisi." Na muuzaji naye anajitetea kwa mlango huo huo: "Shekhe, mzee ni mtu mzima. Ukisema hawezi kununua gari bila kushikwa mkono, unamfanya mtoto."

Wote wawili wana kipande cha hoja. Kumwona mzee hana akili ni dharau, na dini imetukataza hata kumguna mzazi aliyefikia uzee. Kumwacha aingie peke yake kwenye mdomo wa mamba nako si heshima. Tufanye nini?

Mtume (S.A.W.) aliletewa kesi hiyo hiyo. Kulikuwa na mtu, wengi wanamtaja kuwa ni Habban bin Munqidh (R.A.), aliyepata jeraha kichwani, ulimi na akili ya kuhesabu vikadhoofu. Alikuwa anapenda sokoni, na kila mara anapunjwa. Jamaa zake wakaja kwa Mtume wakiomba azuiwe kufanya biashara. Ni ombi lile lile la watoto wa leo wanaotaka kadi ya benki. Mtume akamwita, akamwambia aache. Yule mtu akasema hana subira ya kukaa bila kuuza na kununua.

Hapo angalieni hekima. Mtume hakumfungia ndani. Alimrudishia soko lake, lakini akampa ngao mbili. Ya kwanza, anapouziana na mtu atangaze wazi kwamba hakuna kulaghaiana. Ya pili, katika mapokezi mengine, akampa siku tatu za hiari: akiona amepunjwa, arudishe. Imepokewa pia kwamba aliishi umri mrefu sana, mpaka zama za Sayyidna Uthman (R.A.). Alikuwa akinunua, jamaa wakamlaumu, anakirudisha kitu. Muuzaji akikataa, hupita Sahaba mmojawapo akashuhudia kuwa ni kweli, mtu huyu amepewa hiari na Mtume.

Jibu la leo liko hapo. Udhaifu wa Habban haukuhamisha mali yake kwenda kwa jamaa zake. Ulihamisha mzigo kwenda kwa muuzaji na kwa jamii. Muuzaji aliongezewa wajibu wa kusema kweli, mzee akaongezewa muda, na wapita njia wakawa mashahidi. Heshima yake ikabaki, na mali yake ikabaki.

Ni kweli Surat al-Baqara aya ya 282, ile ndefu ya kuandika madeni, inamtaja mtu dhaifu asiyeweza kuandikisha mwenyewe, na inamwambia msimamizi wake aandikishe badala yake kwa uadilifu. Kwa hiyo mzee ambaye kweli akili imetoka, asiyejua tena siku wala mtu, anasimamiwa. Lakini neno ni uadilifu. Anayesimamia ni mtumishi wa mzee, hajawa mrithi kabla ya kifo. Kijana anayechukua mkupuo wa baba, akanunua gari, akaandikisha kadi kwa jina lake yeye "ili iwe rahisi", kisha mzee anaomba nauli ya kwenda hospitali kama omba omba, huyo ni mwizi mwenye ufunguo wa nyumba.

*Na mzee anapouza*

Tusisahau upande wa pili wa soko. Bi mkubwa amefiwa na mumewe, uani kuna gari la marehemu. Hajui bei. Anakuja mtu "wa karibu", anamwambia "mama, hili ni skrepa, nakusaidia tu", anamtupia milioni mbili, mwezi unaofuata analiuza kwa tano.

Jarir bin Abdillah al-Bajali (R.A.) alimtuma mtumishi wake amnunulie farasi. Akaletewa farasi wa dirhamu 300, na mwenyewe yuko radhi. Jarir alipomtazama farasi akamwambia mwenye mali: farasi wako ni bora kuliko bei hiyo, utaniuzia kwa 400? Akapanda mia kwa mia mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa, akasema amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Najua hatufiki daraja ya Jarir. Sisemi kila mtu ajipandishie bei. Lakini kati ya kupanda mpaka 800 na kumwambia mjane uongo kwamba gari lake ni skrepa, kuna nafasi kubwa ya mtu wa kawaida kusimama: "Mama, mimi nina milioni mbili tu, ila gari hili lina thamani zaidi. Uliza kwanza." Hilo linaweza kila mmoja wetu.

*Tufanye nini, kwa vitendo*

*Mzee wangu, mama yangu:* mkupuo ukiingia, kaa nao kwanza. Usinunue chochote kikubwa ukiwa na simu inayokuharakisha. Anayekwambia "leo leo" mjibu "keshokutwa, inshallah". Nenda na fundi uliyemchagua wewe na kumlipa wewe. Linganisha jina kwenye kadi ya gari na kitambulisho cha anayeuza, na uhakikishe TRA kabla ya kulipa. Angalia kwa namba ya gari kama lina deni la faini za barabarani. Kutana na mwenye gari mwenyewe, umuulize kwa mdomo wako anataka shilingi ngapi. Hapo cha juu kitajitokeza chenyewe. Lipa kwa benki, si kwa mfuko wa rambo. Andikishianeni mbele ya mashahidi, kwa wakili au serikali ya mtaa, na siku hiyo hiyo muanze kuhamisha umiliki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ongeza mstari mmoja kwenye mkataba: mnunuzi ana hiari ya siku tatu. Kwa fiqhi yetu ya Kishafi'i sharti hilo linafaa katika mauziano ya namna hii, kwa makubaliano ya wote wawili. Muuzaji anayelikimbia amekwambia habari za gari kabla ya fundi.

Ukipigwa, sema. Aibu si yako. Aibu ni ya aliyekupiga.

*Watoto:* msimnyang'anye mzee kadi, mpeni muda wenu. Jumamosi moja ya kuzunguka naye gereji ni bora kuliko miaka kumi ya kumsuta.

*Madalali na wauzaji:* uliyepita hapo, mlango uko wazi, lakini una kizingiti. Toba ya haki ya mja haitimii kwa kulia tarawehe. Ina sharti la kurudisha. Unamjua mzee, unaijua nyumba, unajua ilikuwa shilingi ngapi. Huwezi kurudisha yote, rudisha kidogo kidogo, mwombe akupe muda. Na tafadhali usituletee tende za futari zilizonunuliwa kwa cha juu hicho ukadhani umejisafisha. Mzee ndiye anayekudai. Msikiti haukudai.

Watu wa Madyan walimfanyia kejeli Nabii Shu'ayb (A.S.). Alipowakataza kupunja vipimo walimuuliza, kama ilivyo katika Surat Hud aya ya 87, iwapo sala zake ndizo zinazomwamuru awazuie kufanya watakavyo katika mali zao. Waliuliza kwa kubeza, lakini jibu ni ndiyo. Sala inayoishia kwenye zulia, isiyofika gereji wala kijiweni, hiyo ndiyo waliyokuwa wanaitaka watu wa Madyan. Sisi tumefunga ili tupate nyingine.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Walinde wazee wetu na mali zao, wape mwisho mwema. Warudishie waliodhulumiwa haki zao, na wape waliodhulumu ujasiri wa kurudisha kabla ya siku ambayo deni halilipwi kwa fedha. Zipokee funga zetu. Amin.

Mwenye mzee nyumbani asiyetumia simu janja, amsomee darsa hili baada ya futari. Maswali, tukutane msikitini baada ya tarawehe. Na kama una la faragha, hasa wewe unayetaka kurudisha kitu cha mtu na hujui uanzie wapi, njoo. Tutakwenda wote.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.